Kitasa Kisicho na Mkwaruzo

…na mkono wenyewe umeganda pale pale kwenye komeo, mkono wa mwanamke, mkubwa kuliko mlango wa kabati kwa vile ukuta mzima wa chumba hiki kidogo ndio pazia la filamu, ukucha wa kidole cha shahada umevunjika pembeni na hata hilo Fundi ameliona, maana jicho lililokaa miaka ishirini juu ya matundu ya funguo halipitwi na kitu, na Kiroboto amesimamisha picha hapo hapo, taa hajawasha, na mtayarishaji, yule mama mnene wa sauti ya upole na miwani iliyopandishwa utosini, amegeuza kiti chake na kusema, "Haya Fundi, wewe ndiye mtaalamu wetu, tuambie ukweli, nani angefungua?" na Fundi amefumbua mdomo ajibu, kwani jibu analo, amekuwa nalo miaka kumi na tisa, hakuna, hakuna mtu ambaye angefungua, mlango wenye kitasa kile na komeo lile na mnyororo ule haufunguliwi, unashindwa, na wa kuushinda lazima awe bingwa… lakini neno limekwama njiani, mdomo uko wazi kama droo iliyokataa kurudi, na anajiambia subiri, mzee, subiri kwanza, usiropoke, hapa pana kitu.

Maana alikuja kwa furaha, hilo lisemwe, amevaa shati la sikukuu na viatu vinavyombana, mkewe ubavuni na mkoba wake mapajani, wamekalishwa mstari wa mbele kama wakwe, kwa sababu Kiroboto, binti yao, aliyepata jina hilo kwa kurukaruka kitandani tangu hajajua kutembea vizuri na ambaye leo ana miaka ishirini na mitano, ameongoza filamu yake ya kwanza, filamu ya kutisha, nyumba inavamiwa mchana kweupe na mwenye nyumba ni mwanamke peke yake, mke wa fundi wa vitasa, naam, fundi wa vitasa, na Fundi aliposikia hilo alijikohoza na kusema ah, mnanitania, lakini usiku wa siku hiyo hakulala kwa kufurahi, kwani alijua mara moja ni kisa gani, kisa chao wenyewe, na alijua mwisho wa yote atamwona yule bwana, yule mwizi aliyekifungua kitasa chake bila kuacha hata mkwaruzo, atamwona anavyoinama, anavyotega sikio, miaka kumi na tisa amemfikiria bila kuiona sura yake, na sasa mtoto wake wa kumzaa anamletea ukutani… na akamwona kweli. Wamepiga onyesho la mlangoni kwa namna mbili, ndiyo sababu ya kuitwa. Katika namna ya kwanza mwizi anakifungua kitasa kwa ufundi wake, katika namna ya pili mwanamke anaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, mtayarishaji anataka ya kwanza na Kiroboto anataka ya pili, wamevutana wiki tatu na hakuna aliyelegeza kamba, kesho filamu inafungwa na haiguswi tena, basi wakakubaliana Fundi aje aone zote mbili na atakaloamua yeye ndilo, na Kiroboto mwenyewe ndiye aliyesema, baba yangu hadanganyiki na filamu, mlete baba. Na ni kweli, hadanganyiki, waulize majirani, jioni zote zile mbele ya televisheni akizipigia kelele filamu za watu kuvamiwa majumbani, mwizi anafungua mlango wa chuma kwa pini ya nywele kwa muda wa kupiga chafya, na Fundi anauliza anafungua kwa pini au kwa dua, mwanamke anasikia kishindo anaita nani hapo, na Fundi anamjibia kutoka kwenye kochi, ni mimi, mwizi, samahani kwa usumbufu, mwingine ana mlango wa jikoni wazi mbele yake lakini anakimbilia ghorofani, anajifungia chumbani kwa kitasa cha kabati, na mbwa wa nyumba hizo sijui hulishwa nini, hawabweki hata siku moja, basi mkewe anamwambia Baba Kiroboto, tuache tuogope kwa raha zetu, na Kiroboto, kimtoto cha miaka minane, tisa, anacheka hadi anashika mbavu… halafu kuna mwaka aliacha kucheka, akawa anakaa na daftari, anauliza baba, ungeamini kama ingekuwaje, naye anamjibu kwa ile sauti ya mtu asiye na karakana tena lakini bado ana la kusema, mwanangu, woga hauko mlango ukishavunjwa, ukishavunjwa ni fujo tu, woga uko pale mlango ungali umefungwa, na hao wapiga picha wana haraka, hawawezi kuuacha mlango ufungwe.

Yeye ameuacha. Wallahi ameuacha, huyu mtoto, na Fundi gizani mle alikuwa anatikisa kichwa kwa kuona fahari hadi shingo ikamuuma, kwanza amemwonyesha mtazamaji nyumba yote bila kusema ninakuonyesha, mama wa watu anafagia tu, anahama chumba kwa chumba, na ufagio unapopita mlangoni tunaona mnyororo, tunaona kitasa na komeo lake, unapopita jikoni tunaona dirisha ambalo halifungi sawasawa, linabaki na uwazi wa vidole viwili, na mwanamke analisukuma kwa kiwiko kama mtu aliyelizoea, basi umekwisha, tangu hapo moyo wako uko kwenye lile dirisha, nusu saa nzima unasubiri mkono uingie pale, maji yanachemka unatazama dirisha, anamenya kitunguu unatazama dirisha, mvua inaanza, unasema sasa… na wale watu watatu wanapofika wanalipita, hawaligeukii, wawili wanachuchumaa chini ya ukuta pembeni ya mlango na wa tatu anajisafisha uso na kwenda mlangoni kama mgeni yeyote, na Fundi akajipiga paja, kanidanganya, kanidanganya mimi, kisha akagundua kwamba mikono yake imelowa jasho. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Halafu ikaja namna ya kwanza, ile ya yule bwana, na hapo Fundi akainama mbele kusikiliza, kwani sauti yote ya kitasa ni yake, alikaa siku nzima kwenye chumba chao cha kurekodia na kitasa mapajani na kinasa sauti puani, anainua moja moja zile pini za ndani zinazozuia kitasa kufunguka, wanasema tena Fundi, anainua tena, na sasa anazisikia, ya kwanza, ya pili, kimya, mwizi anapumua, ya tatu, na mwanamke kule ndani anamenya kitunguu, mnyororo amesahau kuufunga, hajui, ya nne, kisu kinasimama, amesikia? hapana, anajikuna, ya tano… dakika nne bila kukata, na ilipoinuka ya sita mlango ukajiachia kwa sauti ndogo kuliko kufumba jicho, na machozi yalimtoka Fundi, ndiyo, machozi, akayafuta kwa mkono wa shati la sikukuu akidhani hakuna anayemwona, kwani ndiye, ndiye kabisa, ndivyo alivyomwona kichwani miaka yote, mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka, mtu ambaye kama angekutana naye njiani angempa mkono na kumwambia shikamoo bwana, ulipitaje ile pini ya tatu? Kisha Kiroboto akasema kwa sauti ndogo, sasa ya pili, baba, na alisema kama mtu anayeomba radhi, na Fundi hakulitilia maanani hilo, alikuwa bado anafuta macho.

Na ya pili haina kitu, ukiitazama kwa ufundi, haina pini wala sauti zake alizozihangaikia, ni mwanamke na mlango tu, hodi inapigwa, anaacha kisu, anachungulia kwenye kitundu, anamwona mtu mmoja amelowa shati, sisi tunajua wako watatu yeye anaona mmoja, na yule mtu anasema hodi mama, samahani kwa kukusumbua, nimejifungia nje, nimeelekezwa hapa kwa fundi. Mwanamke anasema fundi hayupo, rudi jioni. Mtu anasema haya mama, asante, nitasubiri hapa hapa. Basi. Hagombi, hasukumi mlango, anasubiri mvuani kwa adabu zote, na mwanamke anarudi jikoni, anashika kisu, hamenyi, anarudi kwenye kitundu, bado yupo, na safari hii anaona kitu, anaona kwamba yule mtu hautazami mlango, anatazama chini, pembeni, kama mtu anayemtazama mwenzake, na mwanamke anashuku, hapa mwigizaji amefanya jambo ambalo Fundi hajapata kuliona kwenye filamu yoyote, hakutumbua macho wala kushika kifua, alirudisha tu mguu mmoja nyuma, kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji, na kila mtu chumbani akajua kwamba ameshuku, na mtu wa nje akasema tena, taratibu, bado nipo mama, usijali, nimeambiwa nyumba hii haimfukuzi mtu… na mwanamke akaona aibu. Hilo ndilo lililoonekana usoni, si woga, aibu, ile ya mtu aliyekamatwa anaogopa bila sababu, akafuta mikono kwenye gauni, mara mbili, kwanza viganja halafu migongo ya mikono, akautoa mnyororo, akashika komeo, na Kiroboto akabonyeza, picha ikaganda, na mtayarishaji akageuza kiti.

Mara mbili, viganja halafu migongo… Nani hufuta mikono hivyo. Fundi hageuki, anatazama mbele, lakini mkono wa mkewe uko pale pembeni juu ya mkoba na hahitaji kuuona, ameuona ukifutwa kwenye gauni kila hodi ilipopigwa tangu siku alipomwoa, viganja, halafu migongo, hata akiwa hakushika kitu, mwigizaji hakuzaliwa na jambo hilo, alifundishwa, na aliyemfundisha alikuwa na miaka sita siku ile na alikuwa mvunguni mwa meza na mwanasesere wake, hiyo anaijua, kila mtu anaijua, mtoto alikutwa mvunguni mwa meza ya sebuleni… ya sebuleni. Lakini mama mtu alisema walikuwa chumbani. Alisema walikuwa chumbani wote wawili, hawakusikia kitu, wakashtukia watu wako ndani, mtoto akajitupa mvunguni. Na mlango wa chumbani hauonekani kutoka mvunguni mwa meza ile, unaoonekana ni mlango wa mbele, na Fundi anajua, aliipima nyumba ile kwa futi kamba baada ya siku ile, aliipima kama mtu anayetafuta hazina, ilikuwa mchana wa mvua, alirudi kula akakuta mkewe amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya pazia, televisheni hakuna, cherehani hakuna, sanduku lake la zana hakuna, na kabla ya kuifungua ile kamba, Mungu amsamehe, kabla ya kuifungua vizuri alikuwa ameshageuka kutazama kitasa. Na kitasa kilikuwa kizima. Akakiuliza kitasa, akamuuliza mkewe, mnyororo je, mbona unaning'inia, mnyororo hautoki ila kwa ndani, na mkewe akasema, "Nilisahau kuufunga." Maneno mawili tu, na Fundi akayapokea. Akakifungua kile kitasa, akakiweka chini ya lenzi siku tatu, chakula kinapoa mlangoni mwa karakana, mtu akichokonoa kitasa huacha alama, hata awe malaika ataacha alama, na hapakuwa na alama, basi akafikia uamuzi wa pekee ambao fundi mwenye kiburi angeweza kuufikia, kwamba duniani yuko mtu anayemzidi. Na yeye alikuwa ameshajisemea mbele za watu, kila mteja alimwambia, kitasa hiki nimekibuni mwenyewe, siku mtu akikifungua bila ufunguo nafunga karakana, watu wanacheka, wananunua. Akafunga karakana. Neno la fundi ni neno. Sasa ni mtunza stoo wa shule, anatoa mafagio na chaki na kufuli za kiwandani ambazo angezifungua kwa kijiti cha kiberiti, na jioni anakaa na kile kitasa chake, anajaribu kukifungua bila kukikwaruza, miaka kumi na tisa anajaribu, hajaweza, na kila akishindwa anatikisa kichwa na kusema yule bwana, yule bwana alikuwa mtu, na mkewe anainuka kwenda kutazama jikoni.

Anainuka kwenda kutazama jikoni, kila mara, na Fundi alidhani ni chakula. Na siku alipoteremsha ubao wa karakana mkewe alikuwa ameshika ngazi, akasema shuka kwanza Baba Kiroboto, nikuambie kitu, naye akiwa juu kule na bisibisi mdomoni akasema usinibembeleze, na mkewe akaendelea kushika ngazi, akaishika hadi mwisho, na jambo lenyewe halikusemwa tena. Njia ya mwongo ni fupi, waliosema hivyo hawakumjua mwanamke huyu… na hapo hasira inampanda, inakuja kama tindikali kifuani, miaka kumi na tisa ya chaki, mama wewe, ulikuwa unaniona, ulikuwa unaniona nimeinamia kitasa kama mganga ameinamia kibuyu, namtafuta mtu ambaye hayupo, neno moja tu, nilifungua mwenyewe, ungeniambia neno moja kesho yake ningeamka nikafungua karakana, kwa nini, kwa nini usiseme… na swali halijatua linajijibu lenyewe, linamjibu kwa sauti ya yule mtu wa mvuani, nimeambiwa nyumba hii haimfukuzi mtu. Nani aliyemwambia. Mtaa mzima uliambiwa. Yeye Fundi ndiye aliyeuambia, alikuwa akilitangaza kama tangazo la sabuni, mtu aliyejifungia nje ni yatima wa siku moja, akija kwangu asisimamishwe mlangoni, saa yoyote, awe nani, na watu walikuja, wakweli na wenye njaa na walevi waliosahau hata nyumba yao ni ipi, na mkewe ndiye aliyefuta mikono na kufungua. Na mwezi mmoja kabla… ah. Hilo alilisahau, alilisahau kabisa, linakuja zima zima kama jana, alirudi akamkuta mzee mmoja amesimama nje ya mlango juani, mnyororo umefungwa, na mkewe anazungumza naye kupitia uwazi mdogo, anamwambia subiri mwenye nyumba, na Fundi akaona fedheha, akamwingiza yule mzee, akamketisha, na mbele yake, huku anacheka ili mgeni naye acheke, akamwambia mkewe, "Wewe unaogopa hata kivuli chako, na mumeo ndiye anayeufungia mji mzima milango." Na mgeni akacheka. Na mkewe naye akacheka kidogo, akaenda kuleta maji.

Basi angefanya nini. Mtu yuko mvuani, ana adabu, amelitaja jina la nyumba, na yeye ameshachekwa mara moja mbele ya mgeni kwa kuogopa, angefanya nini, watu hawafungui milango kwa kuwa hawaogopi, wanafungua kwa kuwa wanaona haya kuogopa, na filamu zote zile alizozitukana hakuna hata moja iliyolijua hilo, zilidhani mwenye nyumba ni mjinga au mlango ni mbovu, huyu mtoto amelijua, alilijua ana miaka sita, mvunguni mwa meza, akanyamaza, akakua, akajifunza kazi ngumu ya kuwaamuru watu wazima na taa na mvua ya bomba, yote hayo apate namna ya kumwambia babaye jambo ambalo hawezi kumwambia mezani. Na mama mtu. Mchana ule, na alama za kamba mikononi, ilibidi achague haraka, amwambie mumewe kwamba kilichoingiza wezi ni mdomo wake mwenyewe, ulimi wake wa kujisifu mbele ya wageni, au amwache aamini kwamba ni kitasa, na akaona kitasa ni chuma, kitatengenezwa kingine, lakini mwanamume akijua kwamba wema wake ndio uliomfungisha mkewe kitini hatamfungulia tena mtu yeyote maishani, hata mtoto, basi akampa mwizi. Akampa mwizi hodari, mtu wa heshima, mtu wa kushindwa naye bila aibu, na hakujua kwamba yule mjinga atafunga karakana kwa ajili yake, nani angelijua hilo, hilo ndilo ambalo hata kwenye filamu watu wangelikataa. Na kisa chenyewe kilikuwa na tundu kubwa kuliko mlango, kitasa bila mkwaruzo, mnyororo umetoka kwa ndani, sakafu kavu siku ya mvua kwa sababu mtu aliyekaribishwa hupangusa miguu… sakafu ilikuwa kavu, hilo nalo, alipita juu yake kwa viatu vyake mwenyewe… na yeye, Fundi, mtu asiyedanganyika na filamu, waulizeni majirani, alikiamini kisa kile miaka kumi na tisa kwa sababu ya maneno mawili ya mwanamke aliyetulia, na anajikuta, hapa gizani, na hasira yake bado imo lakini imeketi pembeni kama mgeni asiye na kiti, anajikuta anamvulia kofia, yule bwana wa pini sita amekufa, hajawahi kuwepo, heshima zote zile alizokuwa akimpa jioni kwa jioni zilikuwa zinamdondokea mwanamke aliyekuwa akiinuka kwenda jikoni kwa kuwa hawezi kuzisikiliza. Ni yeye aliyekuwa bingwa. Alikuwa amekaa kochi moja naye.

Mtayarishaji anakohoa, kwa upole, huenda zimepita sekunde chache tu, Fundi hajui, mkono uko vile vile ukutani, na mtayarishaji anarudia kwa maneno mengine, kwamba hamaanishi kumkwaza binti, onyesho ni zuri, limemtoa jasho hata yeye, lakini mwanamke ameshashuku, tumemwona ameshuku, halafu anafungua, mtu aliyenunua tiketi atapiga kelele, atasema mjinga huyu, naye ataacha kuogopa, ilhali ile ya kwanza haina ubishi, mwizi ni fundi na kitasa kimeshindwa, watu wanaelewa. Kiroboto ameegemea meza ya mashine na mgongo wake uko kwao, na mgongo ule Fundi anaujua, ndio mgongo wa mtoto aliyevunja sahani na anasubiri. Kumbe ndiyo sababu alimwachia babaye aamue, onyesho lake hawezi kulitetea mwenyewe, hana ushahidi ila mama yake. Na akisema Fundi kwamba haiaminiki, wataifuta, kesho filamu inafungwa, na yule bwana atabaki ukutani milele, mwembamba, mpole, asiye na haraka, watu wa miji wasiyoifahamu watamtazama na kusema duh, na hakuna atakayejua, hata ndani ya nyumba hakuna atakayelazimika kujua kwamba anajua, watarudi, atakula, atatoa kitasa kwenye droo. Ni rahisi hivyo. Na ndipo mkewe anazungumza, mara ya kwanza tangu waingie, kwa ile sauti yake ya kawaida ya kuuliza kama chumvi imetosha, anamwambia mtayarishaji, "Mimi naona hiyo ya kwanza ndiyo nzuri. Yule mwizi ana ufundi. Watu watampenda."

Bado. Bado anamfichia. Amefichuliwa ukutani, mkono wake mkubwa kuliko kabati, na jambo la kwanza analofikiria ni kumpa mumewe mlango wa kutokea, na Fundi anataka kumgeukia, hageuki, akigeuka atalia kama mtoto mbele ya mama wa watu mwenye miwani utosini, anatazama ule ukucha uliovunjika na kufikiria kwamba hata yeye siku ile hakumuuliza umeumia wapi, alimuuliza mnyororo je, na kwamba kuna maneno mengi, yatahitaji usiku kucha na labda mwaka mzima, lakini hapa panatakiwa moja tu na lazima lisemwe kwa sauti, mbele ya mgeni, kwa kuwa lile la zamani nalo lilisemwa mbele ya mgeni.

"Angefungua," Fundi akasema. "Mume wake alimcheka kwa kuogopa watu."

Mtayarishaji akateremsha miwani machoni na kuitazama tena ile picha. Kiroboto hakugeuka. Mkewe alikuwa ametazama mbele, naye Fundi akauondoa ule mkoba mapajani pa mkewe, akauweka chini, kwa sababu alitaka kumshika mkono na mkoba ulikuwa njiani.